Bill Haywood: mutu wa migodi mwenye walitaka kunyonga juu ya bombe ya Caldwell

Wandugu wa kazi, na nyinyi wamama na watoto wenye munasoma hii ukurasa kule nyumbani, leo nawaletea maisha ya mutu mumoja wa migodi. Jina lake William Haywood, lakini wenzake walikuwa wanamuita Big Bill, ni kusema Bill Mukubwa, juu mwili wake ulikuwa unajaza mulango. Alikufa mwaka wa 1928, lakini mpaka leo wanaandika vitabu juu yake, na vile vitabu havisikilizane.

Kuko kitabu cha bandesine, Wobblies!, chenye kilitoka Marekani mwaka wa 2005. Kile kinachora maisha ya sendika yake, na kinasimama upande wa wafanyakazi. Kuko kingine, kinene kama Biblia, Big Trouble, cha J. Anthony Lukas, cha mwaka wa 1997. Kile kinachunguza mauaji yenye walimushitakia Haywood, na ukifika mwisho hauko tena na hakika kama mikono yake ilikuwa safi. Watoto wetu wanapenda hadithi za mauaji, kwa picha ao kwa maneno, juu ku ukurasa wa mwisho muuaji anajulikana. Hii ya Haywood ni tofauti. Muuaji alijulikana kisha siku mbili. Swali lilikuwa: nani alimutuma? Na mutu wa sendika njo alipaswa kufa juu ya ile swali.

Mutoto wa jicho moja

Haywood alizaliwa tarehe 4 mwezi wa pili 1869, ku muji wa Salt Lake City, magharibi ya Marekani. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka 3. Alipofika miaka 9, siku moja alikuwa anachonga manati, kisu kikateleza kikaingia ku jicho la kuume. Lile jicho halikuona tena. Hakutaka kuweka jicho la kioo. Angalia photo zake: mara mingi anageuza uso ili upande wa kushoto njo uonekane.

Na miaka 15 akaingia kazi ya mugodi, jimbo la Nevada. Alioa, akajaribu kulima, akajaribu kuchunga ngombe, lakini kila mara mugodi ulimurudisha. Mwaka wa 1896 alikuwa Silver City, jimbo la Idaho. Kule chini ya udongo mukono wake uliumia vibaya. Hakuweza kufanya kazi, na mutu mwenye hafanye kazi hakule. Wachimbaji wenzake njo walichanga feza ili yeye na jamaa yake waishi. Mwaka ule ule, prezidenti wa sendika ya wachimbaji, Ed Boyce, akapita pale kusema na watu. Haywood akaandikisha jina lake. Nafikiri mukono ule ulikuwa umekwisha kumufundisha kazi ya sendika mbele Boyce hajafungua kinywa.

Ile sendika, Western Federation of Miners, ilizaliwa mwaka wa 1893, kisha wachimbaji wa Idaho kupigwa na kufungwa katika mugomo wa 1892. Mwaka wa 1901 Haywood akakuwa katibu na mutunza-feza wake, akahamia Denver, jimbo la Colorado. Vita vyao vya kwanza vilikuwa masaa 8 ya kazi kwa siku. Mwaka wa 1902 watu wa Colorado walipiga kura wakakubali masaa 8, kwa wingi mukubwa. Lakini wabunge walikaa bila kufanya ile sheria. Kisha mugomo ukaanza ku migodi ya zahabu ya Cripple Creek, 1903 na 1904. Askari wakaletwa. Wachimbaji walikamatwa bila kushitakiwa, walipakiwa ku treni, wakatupwa inje ya jimbo kama mizigo mibaya.

Lakini sema kweli yote: upande wa wafanyakazi nako dinamiti ilisikika. Tarehe 6 mwezi wa sita 1904, bombe ililipuka ku gare ya Independence, pale Cripple Creek, ikaua watu 13 wenye walikuwa wanafanya kazi wakati wengine wamegoma. Na wale pia walikuwa wachimbaji.

Mulango wa Steunenberg

Sasa turudi Idaho. Guverneri wa pale, Frank Steunenberg, alichaguliwa kwa kura za wafanyakazi, na mbele ya siasa alikuwa mutu wa kuchapisha gazeti. Tarehe 29 mwezi wa ine 1899, wachimbaji karibu 1000 walipanda treni, wakafika ku kampuni ya Bunker Hill yenye ilikuwa inakataa sendika, wakavunja mashini yake ya kusafisha madini kwa dinamiti. Steunenberg aliita askari. Watu zaidi ya 1000 walifungwa katika lupango la mbao, miezi na miezi, wengi bila hukumu. Na yule mwenye alitaka kurudi ku kazi, alipaswa kwanza kuomba karatasi ya ruhusa na kuikana sendika. Wachimbaji hawakusahau. Walisema tulimupatia kura, yeye akatupatia waya ya miba.

Steunenberg alitoka ku kiti mwaka wa 1901, akarudi muji wake mudogo wa Caldwell, akakuwa mutu wa biashara na kondoo. Miaka karibu tano ikapita. Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka wa 1905, ilikuwa jioni, baridi na teluji. Alitembea kurudi nyumbani. Alipofungua mulango wa lupango, bombe yenye ilikuwa imefungwa pale kwa uzi ikalipuka. Muke na watoto walikimbia inje. Alikufa ndani ya saa moja hivi.

Siku ya kwanza ya mwaka mupya walimukamata mugeni mumoja ku hoteli ya muji. Alikuwa ameandikisha jina Thomas Hogan. Ku chumba yake walipata vitu vya kutengeneza bombe. Alikuwa anaitwa sana Harry Orchard, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Albert Horsley, mutu wa Kanada. Alikuwa mwanamemba wa sendika ya wachimbaji.

Mupelelezi na muuaji

Hapa anaingia mutu mwingine, James McParland, mupelelezi wa kampuni ya Pinkerton. Ilikuwa kampuni ya wapelelezi wa binafsi, yenye wakubwa wa migodi walikuwa wanalipa ili iingize masikio yake katika sendika. McParland alijulikana tangu miaka ya 1870. Wakati ule alijificha kati ya wachimbaji wa makaa wa Pennsylvania, wenye walikuwa wanaitwa Molly Maguires, na watu 20 walinyongwa kisha ile kesi.

McParland alimutoa Orchard ku boloko ya muji, akamupeleka ku boloko kubwa ya Boise, akamufungia pekee yake siku kazaa. Kisha akamuletea chakula kizuri na sigara. Akamuelezea kwamba mutu mwenye anasaidia Leta, Leta inamukumbuka. Orchard akasema. Akasema ameua watu karibu 17, na ile ya gare ya Independence ndani. Na akasema walimutuma na wakubwa watatu wa sendika: Charles Moyer, prezidenti, Haywood, katibu, na George Pettibone, rafiki yao wa Denver mwenye alikuwa mwanasendika zamani.

Lakini wale watatu walikuwa Colorado, jimbo lingine. Ile siku ya bombe hawakuwa Idaho. Kwa sheria, mutu anarudishwa ku jimbo lingine kama amekimbia kutoka pale kisha kosa. Basi wakaandika karatasi zenye kusema kwamba walikuwa Idaho na wamekimbia. Kila mutu mwenye alitia sinyatire alijua kwamba ni uongo. Waliwakamata usiku wa siku ya posho, tarehe 17 mwezi wa pili 1906, wakati tribinali zimefungwa, avoka hawezi kufanya kitu. Asubui mapema waliwapandisha ku treni yenye ilitayarishwa kwa siri, yenye haikusimama fasi kuko watu. Walipofika Boise, wakawaweka ku vyumba vya watu wenye kungojea kunyongwa, mbele ya hukumu yoyote.

Avoka wao walipeleka ile mambo mpaka tribinali kubwa ya Marekani. Mwezi wa 12 mwaka wa 1906, waamuzi karibu wote walisema hata kama namna ya kuwaleta haikuwa muzuri, sasa wako Idaho, na Idaho inaweza kuwahukumu. Mwamuzi mumoja tu, McKenna, alikataa. Aliona kwamba kama Leta yenyewe inaiba watu, haina tofauti na mwizi.

Haywood hakukaa bure mule boloko. Alisoma vitabu vya sheria. Wasoshalisti wa Colorado walimuweka kandida wa guverneri akiwa ndani, akapata kura zaidi ya 16 000. Inje, wafanyakazi wa New York, Boston na Chicago walitembea ku barabara kwa maelfu. Prezidenti Roosevelt aliandika barua yenye kuwaita Haywood na Moyer raia wasiotakiwa. Basi wafanyakazi wakatengeneza makaro madogo ya kuvaa ku kifua, yenye kusema kila mumoja wao pia ni raia asiyetakiwa.

Kesi ya Boise

Haywood alihukumiwa wa kwanza. Kesi ilianza mwezi wa tano 1907. Upande wa Leta kulikuwa William Borah, mwenye alikuwa tu amechaguliwa senateri, na James Hawley. Upande wa Haywood kulikuwa Edmund Richardson na Clarence Darrow. Feza ya avoka ilitoka ku wachimbaji: siku moja ya mushahara hapa, makuta kidogo pale. Watu 12 wenye walipaswa kuamua walikuwa karibu wote wakulima. Hakukuwa mutu wa sendika hata mumoja.

Orchard alipanda ku kiti ya ushahidi siku mingi. Alisimulia mauaji yake pole pole, sauti moja, kama mutu anahesabu mifuko ya madini. Watu wa magazeti walishangaa: hakujikosesha. Upande wa Darrow wakaonyesha kwamba Orchard alikuwa na kinyongo yake mwenyewe. Alikuwa na sehemu kidogo ya mugodi wa Hercules, akaiuza, na kisha ile mugodi ukatoa utajiri wa ajabu. Na mwaka wa 1899 Steunenberg alipoleta askari, Orchard alikimbia ile inchi. Walimuuliza pia juu ya kazi yake ya kuuza habari kwa wapelelezi wa kampuni, juu alikuwa anakula ku pande mbili.

Na hapa tunafika ku kitu chenye kilimuokoa Haywood. Sheria ya Idaho ilikataza kumufunga mutu kwa neno la mwenzake wa kosa peke yake. Ilipaswa kuwe ushuhuda mwingine, wa pembeni, wenye unamuunganisha yule mutu na kosa. McParland alijua ile sheria. Alimupata mutu wa pili, Steve Adams, akamufanyia vile vile, Adams akatia sinyatire. Lakini jamaa ya Adams walifika, Darrow akasema nao, na Adams akageuka akakataa maneno yote. Leta ilimushitaki Adams mwenyewe juu ya mauaji mengine, mara mbili, na mara mbili watu wa kuamua hawakupatana. Basi Orchard akabaki peke yake.

Kulikuwa mambo yenye kuleta mashaka? Ndiyo. Jack Simpkins, mumoja wa wakubwa wa sendika, alikuwa ameonekana Caldwell pamoja na Orchard miezi kidogo mbele ya bombe. Kisha mauaji alikimbia, hakupatikana. Mutu mwenye akili anajiuliza. Lakini kujiuliza hakutoshe kwa kuweka kamba ku shingo ya mutu.

Darrow alisema masaa 11, siku mbili. Mwamuzi Fremont Wood akawaelezea wale wakulima sheria waziwazi: bila ushuhuda wa pembeni, hakuna kumufunga. Walijifungia usiku muzima. Asubui ya siku ya Mungu, tarehe 28 mwezi wa saba 1907, walitoka: Haywood hana kosa. Mwanzo wa 1908 Pettibone pia akatoka, na Moyer wakamuachilia bila kesi. Orchard, yeye mwenye alikubali kosa, alihukumiwa kufa, kisha wakabadilisha ikakuwa boloko ya maisha. Alibaki ku boloko ya Idaho mpaka alipokufa mwaka wa 1954, muzee wa miaka 88.

Kisha bombe, maneno

Watu walifikiri Haywood ataponya sendika. Haikuwa vile. Kule boloko yeye na Moyer waliachana roho. Moyer alitaka sendika ya pole na makaratasi. Haywood alitaka wafanyakazi wote wa Marekani ndani ya sendika moja, weupe kwa weusi, wanaume kwa wanawake, wenye ufundi na wenye hawana. Ile sendika moja aliisaidia kuzaliwa Chicago mwezi wa sita 1905, jina lake IWW, na watu wake njo wanaitwa Wobblies. Mwaka wa 1908 sendika ya wachimbaji ilimuondoa. Yeye mwenye walitaka kumunyonga juu ya jina lake.

Mwaka wa 1912 alikuwa Lawrence, jimbo la Massachusetts, kati ya wafanyakazi zaidi ya 20 000 wa viwanda vya nguo, wengi wanawake na wageni wa luga mingi. Walipunguziwa mushahara, wakagoma ku baridi kali. Watoto wao walipelekwa ku miji mingine ili wakule kwa wenzao. Wakashinda. Ku ile mugomo mwanamuke mumoja alipigwa risasi akafa, na Leta ikawashitaki viongozi wawili wa mugomo wenye hata hawakuwa pale. Waliwaachilia mwisho wa mwaka. Unaona: njia ya Caldwell ilikuwa imezoeleka.

Mwaka wa 1917 Marekani ikaingia vita. Mwezi wa kenda Leta ilivamia biro za IWW inchi muzima siku moja, ikabeba barua, magazeti, hata mashini za kuandika. Mwaka wa 1918, Chicago, watu karibu 100 walihukumiwa pamoja mbele ya mwamuzi Kenesaw Mountain Landis. Hapa hapakuwa maiti. Hapakuwa bombe. Kulikuwa barua zao na maneno ya magazeti yao. Kesi ilichukua miezi mine, lakini wale 12 wa kuamua hawakumaliza hata saa moja. Haywood alipata miaka 20 ya boloko.

Pima sasa mwenyewe. Mwaka wa 1907, kwa mutu mwenye alikufa kweli, sheria ilisema neno la mutu mumoja halitoshe, akatoka. Mwaka wa 1918, kwa karatasi tu, akafungwa miaka 20. Ule ule Haywood, jicho lile lile.

Walimuachilia na dhamana wakati anangojea tribinali kubwa. Mwaka wa 1921 alipanda meli kwa siri akaenda Urusi. Wenzake walibaki wakaingia boloko. Na watu wenye walitoa feza yao ya dhamana juu yake, wafanyakazi na marafiki, waliipoteza. Hapa siwezi kumutetea. Alikuwa mugonjwa, kisukari ilikuwa inamukula, lakini kiongozi akikimbia, wenye walimuamini njo wanalipa.

Urusi ilimupeleka kwanza kusaidia kazi ya wafanyakazi wageni ku migodi ya makaa ya Kemerovo, Siberia. Haikudumu, akarudi Moscow. Alikufa tarehe 18 mwezi wa tano 1928, akiwa na miaka 59. Nusu ya majivu yake iliwekwa ku ukuta wa Kremlin. Nusu ingine ilirudi Chicago, ku makaburi ya Waldheim, karibu na wale wa sendika wenye walinyongwa mwaka wa 1887.

Yenye inatuangalia sisi

Haywood alijua ile bombe? Alitoa feza? Lukas alitafuta miaka, na alimaliza kitabu chake akiwa na mashaka makubwa juu ya viongozi. Mimi siko na neno la kuapa. Na sitawadanganya kwamba kila mutu wa sendika ni malaika.

Lakini kuko kitu kimoja chenye ninashika. Miaka imepita, ku kazi yetu, mwenzetu mumoja alishitakiwa kwamba anapitisha waya ya shaba ku mulango wa usiku. Shahidi alikuwa mutu mumoja, mwenye walimukamata na ile waya ku mikono yake, na walimuambia akitaja jina kazi yake itabaki. Kila mutu kwenye foleni ya basi alikuwa amekwisha kuhukumu. Sisi wajumbe wa wafanyakazi tuliomba tu kaye ya mulango. Kaye ikaonyesha kwamba ule usiku mwenzetu alikuwa ku fasi ingine ya kazi, na sinyatire ya shefu wake pale. Kama kaye ingesema vingine, tungenyamaza, na yeye angejua kwa nini.

Njo hivyo. Mutu mwenye ameshikwa, mwenye anaogopa, mwenye wanamupatia sigara na ahadi, neno lake si bure, lakini halitembee peke yake. Litafutiwe mwenzake: karatasi, saa, macho ya mutu mwingine. Wakulima 12 wa Boise, wenye hawakuwa marafiki wa sendika, walikubali ile. Na sisi tukatae dinamiti, ya maneno na ya kweli, juu siku ile moja inalipuka, inaua wachimbaji kwanza, na kisha inawapatia wenye kutuchukia hadithi ya miaka mia.

Tunza kaye zako, ndugu. Andika tarehe, andika saa, omba sinyatire. Na siku wanakuja na neno la mutu mumoja, uliza pole pole: nani mwingine aliona?